Aminieli Aliyeiambia Ndiva Kabla ya Mkewe

Wasikilizaji wapendwa, hivi ninavyofungua kinywa, Ernesta keshafika kona ya pili. Kapu liko kichwani, kanga kaifunga kiunoni, kuku mmoja kambana kwapani. Anateremka kuelekea Makanya na hageuki nyuma. Watu wamesimama kwenye mahindi yao, majembe mkononi, wanamwangalia. Mmoja anamwuliza, "Mama Blessing, safari ya wapi asubuhi yote hii?"

Anajibu bila kupunguza mwendo: "Kwetu."

Kwao ni Ugweno, na kutoka milima ya juu ya Makanya mpaka Ugweno si mchezo. Unashuka kwa miguu saa moja na nusu. Unapanda basi mpaka Same, unaendelea mpaka Mwanga, halafu pale Mwanga unatafuta bodaboda mwenye moyo mgumu akupandishe mlimani. Mwanamke anayefunga safari hiyo na kuku kwapani hajaenda kusalimia tu.

Huo ulikuwa mwezi wa sita, mwaka elfu mbili na kumi na nane. Leo tunamkumbuka mume wa mwanamke huyo. Jina lake ni Aminieli Mmbaga. Amefariki mwezi uliopita akiwa na miaka hamsini na saba. Aminieli alimpa mdogo wake wa kike figo moja, akaishi na lililobaki miaka saba. Hilo ndilo tunalomkumbukia. Lakini ukipanda kule kwao ukalitaja jina lake, watu kwanza wanacheka. Wanakumbuka kwamba habari ya figo aliiambia ndiva kabla hajamwambia mkewe.

Kwa ninyi mnaotusikiliza kutoka mbali, ndiva ni bwawa la kuchimba kwa mikono. Maji ya kijito yanaingia usiku kucha, yanajaa. Kukipambazuka mtu anazibua, maji yanashuka kwenye mfereji mpaka mashambani. Kila mwanachama ana zamu yake. Aminieli ndiye alikuwa mzibuaji. Miaka kumi na minane alikuwa anakunja mkono wa shati, anauzamisha kwenye maji ya baridi mpaka begani, anachomoa kizibo cha mgomba. Nimetembea sana katika nchi hii, nimelala kwenye kambi za mkonge na kwenye machimbo, nimeona watu wakigombana kwa kila kitu. Kwenye ndiva ile sikuwahi kuona ugomvi. Na sababu ni utaratibu wao mmoja.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ukitaka kumpa mwenzako zamu yako ya maji, hamyamalizi nyumbani kwake. Unakuja alfajiri, unapanda juu ya ukuta wa ndiva, unasema mbele ya wote: mimi fulani, zamu yangu nampa fulani. Unasema mara tatu. Wanachama wanajibu, "Tumesikia." Baada ya hapo imekwisha. Hata wewe mwenyewe huwezi kuirudisha, hata mvua ikigoma, hata ukinuna.

Shikeni hilo, maana ndilo lililomponza.

Sasa huyo mdogo wake. Anaitwa Raheli. Ni fundi cherehani pale Same mjini, karibu na stendi, anashona sare za shule. Mafigo yake yalianza kuchoka akiwa na miaka arobaini na moja. Miguu ilivimba mpaka viatu vikamkataa, pedali ya cherehani akawa anaikanyaga kwa kisigino. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, alikuwa anapanda basi kwenda Moshi kusafishwa damu kwa mashine. Anarudi jioni amechoka kama aliyelima ekari. Kesho yake anashona.

Siku moja Aminieli alishuka kumwona. Alimkuta mchana wa jua kali, ameshika kikombe kidogo cha plastiki, kile cha kupimia dawa ya watoto. Alikuwa anajipimia maji. Mgonjwa wa namna ile haruhusiwi kunywa ovyo, maana maji hayana pa kutokea. Anapewa kipimo chake cha siku, basi.

Raheli akamwambia, "Kaka, nihadithie ndiva."

"Nikuhadithie nini? Ndiva si unaijua."

"Niambie leo imejaa mpaka wapi."

Aminieli akamwambia: imefika kwenye jiwe jeupe. Raheli akafumba macho. Akauliza, na maji ni ya baridi? Akaambiwa, ya baridi, mkono unakufa ganzi. Raheli akameza mate. Aminieli alikuja kuwaambia watu kwamba pale kwenye kigoda, akimwangalia mdogo wake anameza mate, ndipo alipoamua. Hakuna aliyemwomba.

Akaenda kupima. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda Moshi kutafuta jembe zuri. Akaenda mara ya pili kutafuta jembe. Mara ya tatu Ernesta akamwuliza, "Hilo jembe linafuliwa kwa dhahabu?" Siku ile ya tatu majibu yalitoka. Damu zimepatana. Daktari akasema mafigo yako yote mawili ni mazima, unaweza kutoa moja. Lakini akamwekea sharti. Akamwambia: mke wako aje hapa, asikie kwa masikio yake, aulize anachotaka. Nyumba isipokubaliana, sisi hatushiki kisu.

Aminieli alipanda mlima na sharti hilo kichwani. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo alipokosea. Alijijua. Alijua akimwambia Ernesta kwanza, Ernesta atalia, na yeye machozi ya Ernesta hayawezi. Atarudi nyuma. Akawaza kama mtu wa ndiva: niseme kwanza mahali ambapo neno halirudi, halafu nitamwambia mke wangu kwenye chai.

Alfajiri akazibua maji. Akapanda juu ya ukuta, mkono bado unachuruzika, akasema: "Mimi Aminieli Mmbaga, figo langu moja nampa Raheli, mdogo wangu."

Akasema mara tatu. Na wale wanachama, nusu yao bado wana usingizi, wakajibu kwa mazoea: "Tumesikia!" Ndipo mmoja akauliza, "Amesema zamu ya lini?"

Palikuwa na jirani mmoja, Dorkas. Siku ile zamu ilikuwa yake, maji yalikuwa yameshaanza kuingia kwenye maharage yake. Dorkas akayaacha. Kule juu mtu haachi maji, hata moto ukiwaka. Dorkas aliyaacha yakapita, akapandisha kilima mbio mpaka kwa Ernesta, ambaye alikuwa anachochea uji.

"Mama Blessing, pole."

"Pole ya nini?"

"Ya figo."

"Figo la nani?"

"La mumeo. Kwani hujui? Ameshalitoa. Tumeshasikia wote."

Aminieli alipofika kwa ajili ya chai, chai haikuwepo. Uji ulikuwa umeungua. Ernesta alikuwa kwenye kona ya kwanza.

Nilipopanda wiki iliyopita kuongea na familia, nilimwuliza Ernesta ni nini hasa kilimkasirisha. Je, hakutaka wifi yake apone? Alinitazama kama mtu aliyeuliza swali la kitoto. Akasema, "Raheli nampenda. Mimi kilichoniuma ni kimoja. Nimelala na mtu yule miaka ishirini na miwili, halafu habari ya tumbo lake naletewa na Dorkas."

Basi hali ikawa hivyo. Figo lipo, damu zimepatana, daktari yuko tayari. Mke hayupo. Na bila mke kufika mbele ya daktari, hakuna upasuaji. Uhai wa Raheli ukawa uko mikononi mwa mwanamke aliyekaa Ugweno na kuku wake, hataki kupokea simu.

Zikapita siku tisa. Raheli akavimba zaidi. Siku ya kumi, Jumatano, baada ya kusafishwa damu Jumanne, Raheli alisema anakwenda Ugweno yeye mwenyewe. Wakaondoka watatu: Aminieli, Raheli, na rafiki wa Aminieli aitwaye Nassoro. Huyu Nassoro ni mtu wa Kigoma. Alikuja zamani kukata mkonge, siku hizo alikuwa anachimba jasi Makanya. Ni mtani wa kila mtu. Ndani ya basi hakunyamaza.

"Mimi nimekaa na Wapare miaka ishirini," akawa anasema kwa sauti, basi zima linasikia. "Mpare akikualika ugali, anangoja ushibe kwa kuutazama. Leo Mpare anatoa figo! Bure! Jamani, huyu mtu apimwe kichwa kabla ya tumbo."

Mama mmoja wa viti vya nyuma akamjibu, "Na wewe uliyekuja na kopo la mawese ukasahau kurudi kwenu, ukae kimya." Basi zima likacheka. Raheli naye alicheka, ameegemea dirisha, uso umevimba. Aminieli tu ndiye hakucheka. Alikuwa anapanga maneno.

Walifika kwa baba mkwe, Mzee Nicolaus, mkulima wa kahawa. Walimkuta uani anageuza buni juani.

"Shikamoo baba," akasema Aminieli.

"Marahaba. Umekuja na mafigo yote mawili?"

"Yote, baba."

"Basi kaa. Ungekuja na moja ningekupa kigoda chenye mgongo."

Mzee aliwaambia binti yake hajakimbia ndoa. Amekuja kukasirika mahali penye baridi. Akaenda kumwita.

Ernesta alitoka. Akamshika wifi yake mkono, akamkalisha kwenye kivuli, akamwekea mto mgongoni. Kwa Nassoro akasema, "Karibu shemeji." Kwa mumewe hakusema karibu. Alionyesha kwa kidole ukingo wa baraza.

"Wewe si ni mtu wa ukuta? Ukuta huo. Panda."

Akapanda. Mwanaume wa miaka hamsini, kofia mkononi, mbele ya baba mkwe.

"Haya, sema. Mara ya kwanza."

"Mimi Aminieli Mmbaga, figo langu moja nampa Raheli, mdogo wangu."

Hakuna aliyejibu. Ernesta akauliza, "Watakata upande gani?"

"Sijui."

"Utakaa bila kubeba mzigo muda gani?"

"Sijauliza."

"Na nani atazibua ndiva?"

Aminieli akaigeuza kofia mkononi.

"Mara ya pili, sema."

Akasema tena, sauti imeshuka. Ernesta akauliza swali ambalo nadhani nalo lilichangia kumtoa nyumbani alfajiri ile. Aliuliza taratibu. "Na Blessing akiugua mafigo? Mwanao mmoja tu. Akija kwako akasema baba nisaidie, utampa lipi?"

Nassoro aliinamisha kichwa. Mzee Nicolaus akaacha kugeuza buni. Aminieli akasema kitu cha kweli: "Sijui, Mama Blessing. Ndiyo maana niliogopa kukwambia. Nilijua utaniuliza hilo."

Raheli akaongea kwa mara ya kwanza. "Wifi, ukisema hapana, mimi narudi Same nikashone. Sikulaumu. Hata huyu simlaumu. Ningekuwa mimi ndiye mama Blessing ningesema hapana."

Ernesta akatoa simu, akampigia binti yake, akaweka spika ili wote wasikie. Blessing alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko chuoni Morogoro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba yako anataka kutoa figo kwa shangazi yako. Ukija kuugua wewe, itakuwaje?"

Blessing akasema, "Mama, si bado kuna lako?"

Mzee Nicolaus ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mti wa kahawa. Halafu Raheli, halafu Nassoro, na mwisho Ernesta mwenyewe akaweka kanga mdomoni, mabega yanatikisika, machozi yanatoka, hujui analia au anacheka. Nadhani vyote.

Alipojifuta akamwambia mumewe, "Sema ya tatu."

Akasema.

"Nimesikia," Ernesta akajibu. "Lakini sijakubali. Kesho unanipeleka kwa huyo daktari, na wewe utakaa kimya."

Kesho yake alimwuliza daktari maswali kumi na saba. Alikuwa ameyaandika nyuma ya kalenda ya kanisa. Aliuliza watakata wapi, kwa muda gani, nani ameshafanyiwa akapona, nani hakupona. Akauliza kama mume wake bado ataweza kulima. Akauliza, "Lililobaki likiharibika?" Daktari hakumdanganya. Akamwambia hilo linaweza kutokea, si mara nyingi, na ndiyo maana kila mwaka atarudi kupimwa. Akamtoa Ernesta nje, akamwuliza Aminieli peke yake kama kuna mtu anamlazimisha. Akamtoa Aminieli nje, akamwuliza Ernesta vilevile. Aminieli aliporudi ndani, Ernesta alisema, "Basi, chukueni. Ila lile linalobaki ni langu."

Walipasuliwa mwezi wa kumi na moja, kwenye hospitali kubwa, kaka chumba hiki na dada chumba cha pili. Na hapa nawaomba radhi ninyi mlioko mezani, maana jambo lenyewe haliwezi kusemwa kwa adabu zaidi. Raheli alikuwa na mwaka na miezi mitatu hajapata haja ndogo ya maana. Saa chache baada ya upasuaji, mkojo ulianza kutoka. Akalia. Alipopata nguvu ya kushika simu alimpigia kila mtu aliyemjua. Alimpigia mchungaji. "Mchungaji, nimekojoa!" Alimpigia mwalimu mkuu wa shule anayemshonea sare. "Mwalimu, nimekojoa!" Dorkas alipopigiwa, akakimbia kutangaza kwenye ndiva. Safari hii wanachama walijibu "Tumesikia" wakiwa macho, na wengine walipiga vigelegele.

Halafu muuguzi akaleta jagi la maji. Akamwambia Raheli, kunywa. Raheli akauliza, kiasi gani? Akaambiwa, lote, na likiisha naleta lingine. Alikunywa huku Aminieli anamwangalia kutoka kwenye kiti cha magurudumu, ameshika ubavu, kila akicheka anaumia. "Usinichekeshe," akawa anasema. "Kunywa kimyakimya."

Miezi mitatu Aminieli hakuruhusiwa kubeba mzigo wala kuinama kwenye ndiva. Lile swali la nani atazibua Ernesta alilijibu mwenyewe. Alishuka alfajiri, akakunja mkono wa blauzi, akachomoa kizibo. Wazee wawili walinung'unika siku mbili. Siku ya tatu wakaona maji yanafika kwa wakati kuliko zamani, wakanyamaza. Aminieli alipopona akaja kudai kazi yake. Ernesta akampa Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi na Jumapili akabaki nazo yeye.

Na wanachama walibadilisha ule utaratibu. Tangu mwaka ule, anayetoa zamu yake hapandi ukuta peke yake. Anapanda na mwenzake wa nyumbani. Asipokuwepo mwenzake, hakuna anayejibu. Mwenyekiti wao aliniambia, "Tulichoka kumwonea Aminieli huruma."

Miaka saba Aminieli aliishi vizuri. Alilima mahindi na maharage. Kila mwaka alipimwa, na kila mwaka Ernesta alikwenda naye na kusoma majibu mwenyewe. Raheli alipokuwa mbishi, Aminieli alikuwa anamwambia, "Hapo si figo langu linaloongea, figo langu lina adabu." Raheli anamjibu, "Lilikuwa na adabu lilipokuwa kwako. Kwangu limepata uhuru."

Mwezi uliopita Aminieli alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Akamwambia Ernesta kifua kinabana. Walimpakia kwenye pikipiki kumkimbiza zahanati. Hakufika.

Nataka nilirudie hili polepole, maana maneno yameanza kuzunguka sokoni. Aminieli Mmbaga hakufa kwa sababu alitoa figo. Daktari aliiambia familia kwamba ni moyo. Vipimo vyake vya mwisho vya figo vilikuwa vizuri, na Ernesta anayo karatasi. Anayebisha aende akaonyeshwe.

Nilimwuliza Ernesta, kama siku zingerudi, angekubali tena? Akasema, "Ningekubali. Ila angeniambia yeye, jikoni, nikiwa nachochea uji. Ningelia, ndiyo. Kwani kulia ni kukataa?"

Kwa mama Ernesta, kwa Blessing, kwa Raheli na ukoo wote wa Mmbaga, sisi hapa studio tunawapa pole kutoka moyoni. Mmepoteza mtu mwenye mkono mpana. Na wewe unayesikiliza, jioni hii mkiwa mezani, waza jambo moja. Lipo jambo kuhusu mwili wako ambalo umeliamua, au unaogopa kuliamua, na wa nyumbani kwako hawalijui? Liseme. Waache waulize maswali kumi na saba. Waache walie kidogo. Lakini walisikie kwako.

Sasa niwaeleze kila mmoja yuko wapi. Mzee Nicolaus alifariki miaka minne iliyopita, kwa uzee. Nassoro amerudi Kigoma, ana duka la vipuri vya baiskeli. Dorkas bado analima maharage pale pale. Blessing ni mwalimu wa shule ya msingi Mwanga, ana mtoto mmoja. Ernesta anazibua ndiva siku zote saba. Aminieli amezikwa kwenye shamba lake, juu ya Makanya. Figo lake la kushoto liko Same, karibu na stendi. Alhamisi iliyopita Raheli alikwenda nalo kliniki, na karatasi ilisema linafanya kazi vizuri.